Kabla Hamjazima Kundi Kuwakomoa Wenye Mtandao

Siku ya pili ya mgomo wetu, kama saa nne asubuhi, nilikuwa dukani Nkuhungu, hapa Dodoma, nampimia mteja salfa ya kupulizia zabibu. Simu ikaita. Alikuwa mama mmoja wa Mpunguzi, mkulima ninayemfahamu miaka mingi, mtu ambaye hawezi kuanza jambo lolote bila kukuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua na za biashara. Siku hiyo hata "mbukwa", salamu yetu ya Kigogo, hakusema.

"Mwanangu, mmefunga?"

"Tumefunga, mama. Siku mbili tu. Tumegoma."

"Mnamgomea nani?"

Nikaanza kumweleza habari za wenye mtandao, uamuzi wao mpya, jinsi walivyotudharau. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa sababu ana adabu zake, kisha akasema taratibu: "Haya, mwanangu. Mimi nina kreti arobaini nimeshakata, ziko chini ya mkwaju, na dalali amekaa hapa ananitazama."

Aliyewahi kulima zabibu anajua maana ya sentensi hiyo. Zabibu ikishakatwa haina subira, na jua la Dodoma halimsubiri mtu. Siku nyingine yoyote yule mama angefungua kundi letu la mtandaoni, angeona bei ya Hombolo ya asubuhi ile na ya wanunuzi wa viwandani, kisha angemgeukia dalali akiwa na namba kichwani. Siku ile alikuta picha nyeusi tuliyoiweka sisi maadmini, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kundi limefungwa. Akauza. Bei aliyouzia naijua na sipendi kuiandika.

Naandika haya kwa maadmini wenzangu, hasa nyie ambao sasa hivi mmekasirishwa na uamuzi fulani wa mtandao mnaotumia na mnataka kuzima kundi ili waione nguvu yenu. Siwaambii msigome. Sisi tuligoma mara mbili. Mara ya kwanza tuliwaumiza watu wetu bure, mara ya pili tukapata kitu, kidogo lakini kipo. Nataka nieleze kilichotofautisha.

Kundi letu ni la wakulima na wafanyabiashara wa mazao wa Dodoma na jirani zake, wanachama kama 18,000. Humo ndani watu wanapeana bei, wanapiga picha majani yenye ugonjwa na kuuliza dawa, wanaanika lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, kutoka Kibaigwa, wanatahadharishana juu ya viuatilifu feki. Maadmini tulikuwa sita, hakuna anayelipwa hata shilingi. Kijana mmoja wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, alituandikia roboti, programu ndogo tu, iliyokuwa inaokota bei zote zilizopostiwa jana yake na kuzipanga vizuri kila siku saa kumi na mbili asubuhi: Majengo, Kibaigwa, Hombolo, Mpunguzi. Kwa watu wengi roboti ile ndiyo ilikuwa kundi lenyewe. Wanaingia, wanaona bei, wanatoka.

Mtandao wenyewe sitautaja. Wenye nao wako ng'ambo, hata ukipanda SGR hadi mwisho wa reli huwafikii. Mwanzoni mwa 2024 walitangaza mambo mawili kwa mpigo. Namba za simu kwenye posti za biashara zitafichwa mpaka mwenye posti alipie, na programu za watu wengine zinazochukua taarifa humo, kama roboti yetu, zitalipishwa. Kiwango walichotaja kijana wetu alikipigia hesabu, akanitumia jibu likiwa na kicheko tu. Kwa hela ile angejilipia ada na kodi ya chumba na chenji ingebaki.

Yeye ndiye aliyeleta wazo la kuzima. Alikuwa amefuatilia kilichotokea Reddit mwaka uliotangulia, na kwa kuwa hadithi ile ilifanana na yetu kama mapacha, tukaiiga. Tatizo ni kwamba tuliiga mwanzo wake bila kusoma mwisho.

Kwa wasioijua: Reddit ni mtandao wa Marekani, umeanza 2005, una maelfu ya makundi yanayosimamiwa na watu wa kujitolea kama sisi. Aprili 2023 uongozi ulitangaza kwamba programu za nje zitaanza kulipia mlango wa kuchukulia taarifa. Mwenye Apollo, programu ya nje ya kusomea Reddit, Christian Selig, akaeleza hadharani kwamba kwa bei hiyo angetakiwa kulipa karibu dola milioni 20 kwa mwaka. Watu wakawaka. Tarehe 12 Juni makundi zaidi ya 8,000 yalijifunga kwa saa 48. Dunia nzima iliandika habari zake, na sisi huku tukaona kumbe inawezekana.

Ambacho hatukukitilia maanani ni ujumbe ambao mkuu wa Reddit, Steve Huffman, aliwaandikia wafanyakazi wake wakati mgomo unaendelea. Aliwaambia kwamba hili nalo litapita kama yaliyotangulia. Na kwa nini asiseme hivyo? Wagomaji wenyewe walikuwa wameshamtajia siku ya kurudi. Mpangaji akimwambia mwenye nyumba kwamba amegoma kulipa kodi hadi Jumatano, mwenye nyumba ataweka miguu juu na kuisubiri Alhamisi. Apollo ilifungwa tarehe 30 Juni kama ilivyopangwa. Makundi yaliyoendelea kujifunga baada ya zile siku mbili yakaanza kuandikiwa kwamba wasimamizi wao wanaweza kuondolewa na kuwekwa wengine. Mengine yalifungua kwa vituko, kama lile kubwa la picha lililoamua kupokea picha za mchekeshaji John Oliver peke yake. Tulicheka sana. Lakini Machi 2024 kampuni iliuza hisa zake sokoni New York kwa dola 34 kila moja, na Septemba mwaka huohuo ikaweka utaratibu kwamba kundi la wazi haliwezi kugeuzwa la siri bila ruhusa ya kampuni. Yaani silaha ile waliitumia, wakanyang'anywa.

Kuna kisa kingine kinachonichekesha mpaka leo. Julai 2015 watumiaji wa Reddit walizima mamia ya makundi baada ya kufukuzwa kazi mfanyakazi mmoja waliyempenda. Walimwandama mkuu wa wakati huo, Ellen Pao, sahihi za kumtaka aondoke zikapita 200,000, na siku chache baadaye kweli akajiuzulu. Aliyechukua nafasi yake ni nani? Huyohuyo Steve Huffman.

Sasa kurudi kwetu. Kosa letu la kwanza, na ndilo kubwa, lilikuwa tarehe. Tulizima Machi. Machi hapa zabibu zinakatwa. Hatukukaa chini kujiuliza siku hiyo nani atakuwa anahitaji kundi kuliko mwenzake. Tuliangalia tu tarehe ambayo mtandao ulisema malipo yanaanza, tukasema tuwawahi. Wenye mtandao, kwa siku mbili za kundi moja la Dodoma, sidhani kama waliona chochote kwenye mahesabu yao. Mama wa Mpunguzi aliona.

Tena nikiri jambo hapa, maana makala ya ushauri yenye mwandishi msafi huwa naitilia shaka. Mimi nina duka la pembejeo. Namba yangu ya simu ilikuwa kwenye posti nyingi za kundi lile, na nilijua ikifichwa wateja wa mbali watapungua. Hasira yangu ilikuwa ya kundi, ndiyo, lakini nusu ilikuwa ya droo ya duka langu. Kati ya maadmini sita, watatu tulikuwa na biashara humo. Ingekuwa vizuri tuliseme hilo siku ya kwanza, tulipokutana pale Nyerere Square kupanga. Hatukulisema, na wiki mbili baadaye mwanachama mmoja alilisema kwa niaba yetu mbele ya watu 18,000, kwa maneno ambayo siyarudii.

Kosa la pili ni kura. Tulijigamba kwamba tumewashirikisha wanachama. Tuliweka kura saa nne usiku, ikadumu siku moja, wakapiga watu 412, asilimia 91 wakasema tufunge. Tukatangaza "asilimia 91 ya wanachama". Ule ulikuwa uongo hata kama hesabu ilikuwa sahihi. Yule mama hununua bando siku anazouza. Kura ilikuja na kuondoka yeye akiwa shambani. Wanaokesha mtandaoni usiku ndio wanaopiga kura, na ndio haohao wenye hasira.

Wenye mitandao mchezo huu wanaujua vizuri kuliko sisi. Mwaka 2012 Facebook iliwapa watumiaji wake kura juu ya mabadiliko ya kanuni, mojawapo likiwa kuiondoa hiyo haki yenyewe ya kupiga kura. Walipiga watu zaidi ya 660,000 na asilimia 88 wakakataa. Lakini sharti lilikuwa kwamba matokeo yatawabana wenye mtandao pale tu wakipiga asilimia 30 ya watumiaji wote, na watumiaji walikuwa kama bilioni moja. Zilihitajika kura milioni 300. Kanuni zikapita. Kwa hiyo ukija na asilimia zako wakati waliopiga ni wachache, jua unaongea na watu waliolifanyia mazoezi jibu lake.

Mkitaka kupiga kura basi ikae angalau wiki, ipite siku ya mnada na siku ya gulio, na muwapigie simu wale wasioonekana. Sisi mara ya pili tuligawana vijiji. Mimi nilipiga Mpunguzi na Mbabala, mwingine Hombolo, mwingine Mvumi na Handali. Tulichosikia kwenye simu hizo kilitunyamazisha. Wengi hawakujali kabisa habari za kampuni. Walitaka kujua jambo moja: bei za asubuhi zitaendelea au haziendelei?

Kosa la tatu nalisema kwa aibu. Mtandao ule ulikuwa na dada mmoja wa huduma kwa wateja anayejibu kwa Kiswahili. Kwa uandishi wake nadhani alikuwa Mtanzania mwenzetu, ameajiriwa kujibu malalamiko ya ukanda huu. Uamuzi hakuufanya yeye, huenda naye aliusoma siku moja na sisi. Wanachama wetu walimmaliza. Walimtukana, wakatafuta picha yake kwingineko wakaisambaza, mmoja akaweka na namba yake ya simu. Sisi maadmini tulichelewa kufuta kwa sababu, tuseme ukweli, kulikuwa na utamu fulani kuona mtu wa upande ule anaumia. Baada ya hapo hakujibu tena. Malalamiko yetu yakaanza kujibiwa na mashine, kwa Kiswahili cha kuokoteza ambacho hata hujui umekubaliwa au umekataliwa. Mtu pekee wa ndani aliyekuwa anaelewa lumbesa ni nini, tulimfukuza wenyewe.

Ukiacha ubinadamu, kuna sheria. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kusambaza namba na picha ya mtu ili achambwe si mzaha, na kuandika jambo la uongo kuhusu kampuni kwa sababu umekasirika ni kujitafutia safari ya polisi. Wekeni kanuni kabla ya mgomo: tunataja uamuzi, hatutaji mtu. Na admini mmoja awe na kazi hiyo tu, ya kufuta matusi, mchana na usiku.

Baada ya siku mbili tukafungua. Hakuna aliyetujibu. Roboti ikafa tarehe yake, namba zikafichwa, wanachama kama 600 walikuwa wameshatoka kwa hasira na sisi, si na wenye mtandao.

Hapa ndipo yule kijana wa UDOM, ambaye alijilaumu kuliko alivyostahili, akaja na kisa kingine. Safari hii alikuwa amekisoma mpaka mwisho.

Mwezi uleule wa Juni 2023 ambao Reddit ilizimwa, wasimamizi wa Stack Overflow nao walikuwa kwenye mgomo. Huo ni mtandao ambao waandishi wa programu wanaulizana maswali. Uongozi ulikuwa umewazuia wasimamizi, isipokuwa katika mazingira finyu sana, kuondoa majibu waliyoshuku kuwa yametungwa na akili mnemba. Tarehe 5 Juni wakagoma, lakini hawakufunga chochote. Aliyetaka kuuliza aliuliza, aliyetaka kujibu alijibu. Walichoweka chini ni kazi yao: kupitia, kufuta, kusafisha. Hata roboti yao ya kunasa takataka wakaizima. Walikuwa na barua yenye madai yaliyoandikwa, wakachagua watu wa kuongea na kampuni, na mgomo haukuwa na tarehe ya kuisha. Agosti wakafikia makubaliano na kurudi kazini.

Nilipoisoma hiyo nilijiona mjinga. Sisi tulikuwa tumefunga soko ili kumkomoa mwenye eneo. Wale waliacha soko wazi, wakaweka ufagio chini.

Tukapanga upya, safari hii kwa miezi. Tulichagua Novemba. Zabibu za msimu wa pili zimeshakatwa, mvua ndiyo zinaanza, na ndio wakati ambao kampuni za mbegu, mbolea na matrekta zinalipia matangazo kwenye makundi kama letu. Kama kuna mwezi wenye mtandao wanauona mkoa wetu kwenye mahesabu yao, ni huo.

Kabla ya kutoa tangazo lolote tulifanya jambo ambalo nawasihi sana mlifanye hata kama hamna mpango wa kugoma: tulitoa vitu vyetu nje. Kijana alishusha kumbukumbu zote za bei, miaka yote, akaziweka kwenye kompyuta yake na nakala kwenye flashi ambayo iko kwangu dukani kwenye droo moja na risiti. Yale maelezo marefu ya magonjwa ya zabibu aliyokuwa akiandika mzee mmoja bwana shamba mstaafu tukayachapisha, nakala tatu. Tukaomba namba za simu za wanachama kwa hiari yao, kila mmoja akijua tunaziandika kwa ajili ya nini. Tulipata kama 2,300. Kazi hiyo haina ushujaa wowote na inachosha, lakini siku mtakayofungiwa kundi asubuhi ndiyo mtakuwa nayo peke yake.

Suala la pa kuhamia nalo lilitusumbua. Watu wakikasirika husema tuhamie kwingine. Wahamie wapi? Watumiaji wa Digg walipokasirishwa na sura mpya ya mtandao wao Agosti 2010 walihama kweli, kwa sababu Reddit ilikuwa pale jirani, inafanana, mlango wazi. Digg haikuinuka tena kama ilivyokuwa. Lakini kumbukeni Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya na watu wakapakua Signal na Telegram kwa wingi. Kampuni ilisogeza tarehe kutoka 8 Februari hadi 15 Mei, ikaeleza upya, na kwenye simu yangu nahesabu watu watano waliobaki kule. Wengine walirudi bila hata kuaga, kwa sababu shemeji, kikoba na kamati ya harusi vyote viko WhatsApp.

Na sisi WhatsApp isingetutosha. Wakati huo kundi la WhatsApp lilikuwa linachukua watu 1,024, sisi ni 18,000, na humo kila mtu aliona namba ya mwenzake. Kina mama waliniambia wazi kwamba hawataki, kwa sababu wakiingia kundi lenye wanaume mia tano, jioni simu zinaanza: "Mambo dada, nimeona namba yako." Halafu wapo wenye vitochi, simu ndogo zisizo na WhatsApp. Mwishowe tulifanya kitu cha kizamani kabisa: kila kijiji mtu mmoja anayepokea bei kwa ujumbe mfupi na kuwapa wengine. Mpunguzi tulimwomba yule mama. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama safari hii tunafunga. Nikamwambia hatufungi. Akakubali.

Madai yetu ya Machi yalikuwa saba, mojawapo likiwa uongozi utuombe radhi. Leo nikiyasoma naona aya za hasira tu. Turudi Reddit kidogo, maana ndani ya ule mgomo mkubwa kulikuwa na kundi la wasioona, ambao hutumia programu za nje kwa sababu ile ya kampuni ilikuwa inawapa shida na visoma-skrini, yaani programu zinazowasomea maandishi kwa sauti. Wao dai lao lilieleweka kwa sentensi moja, na kabla hata ya tarehe 12 kampuni ilikubali kwamba programu za kuwasaidia watu wenye ulemavu, zisizo za biashara, hazitalipishwa. Halikumaliza shida zao zote. Lakini ni katika mambo machache ambayo uongozi ulisogea.

Novemba tukapeleka dai moja: programu zisizo za biashara, zinazochukua taarifa chini ya kiasi fulani kwa siku, zisilipishwe. Kijana akaandika kiasi chenyewe kwa tarakimu, akaeleza mzigo wake kwa mtandao ni mdogo kiasi gani. Tulitafuta jambo ambalo mfanyakazi wa kawaida mle ndani anaweza kulipeleka kwa bosi wake bila kuogopa. Dai la namba za simu tuliliacha, na liliniuma, kwa sababu za droo kama nilivyokiri. Lakini pale ndipo wanapoingiza hela, wasingesogea.

Kisha tukaweka ufagio chini. Kundi wazi, bei zinaendelea, ila hatupitishi posti, hatufuti matangazo, hatuamui ugomvi. Jamani, sikujua ni takataka kiasi gani tulikuwa tunazoa kila siku. Siku ya tatu kundi lilijaa mikopo ya dakika tano, jiunge Freemason upate utajiri, waganga wa kurudisha mume, dawa za kuongeza makalio. Tangazo la trekta la kampuni kubwa limekaa katikati ya mganga na Freemason. Tulipiga picha za skrini tukaziambatanisha kwenye barua zetu kila Jumatatu, bila neno la ukali.

Hapa kuna mahali pagumu na sitajifanya tulipapatia jibu safi. Mganga akipita ni kero. Tapeli anayejifanya mnunuzi na kuomba "hela ya usafiri wa gari" akipita, mtu anapoteza mtaji. Siku ya nne kijana mmoja wa Bahi alikaribia kutuma hela, aliponea kwa sababu alinipigia kwanza. Tukakubaliana tuendelee kuwafuta matapeli wa aina hiyo na kuacha mengine yote. Admini mmoja alisema tunapunguza makali ya mgomo. Alikuwa sahihi, na bado sijutii.

Wiki ya pili ujumbe ukaja: maadmini wasiotimiza wajibu wataondolewa, na yeyote anayetaka kusimamia kundi ajitokeze. Mlitegemee hilo, linakuja kila mara. Tulikuwa tumeshakubaliana mapema kwamba hakuna atakayejitokeza peke yake, na kwamba anayetaka kujitoa kwa sababu za biashara aseme mapema na hatutamwita msaliti. Mmoja alisema. Ana watoto watatu wanaosoma na anauza mbegu humo. Tukamwacha abaki admini, kwenye mgomo tukabaki watano, na mpaka leo tunakunywa naye kahawa. Wale wengine wawili watatu waliojitokeza kutoka kwenye kundi walidumu siku nne. Kuzoa takataka za watu 18,000 bila malipo kunahitaji kichaa fulani ambacho hakipatikani kwa tangazo.

Wiki ya tano wakatoa taarifa fupi, hata haikututaja, kwamba programu ndogo zisizo za biashara zitakuwa na kiwango cha bure kwa siku. Kiwango kilikuwa chini ya tulichoomba lakini roboti yetu inaingia. Je, ni sisi? Sidhani kama ni sisi peke yetu, yawezekana kulikuwa na makundi mengine nchi nyingine yanayoandika barua kama zetu. Kijana aliiwasha usiku, na saa kumi na mbili asubuhi bei zikatoka, Majengo ya kwanza kama zamani. Namba za simu bado zimefichwa. Watu wanaziandika kwenye karatasi, wanapiga picha wameshika nyanya.

Mwezi uliopita wametangaza lingine. Sasa wanataka posti zipangwe kwa chaguo la mashine badala ya kwa muda, maana yake bei ya jana inaweza kukaa juu ya bei ya leo. Kwenye kundi la maadmini moto umeshawaka, na kijana wetu, ambaye sasa amehitimu na ana ajira, ameshaandika rasimu ya barua yenye dai moja. Kabla ya kupanga tarehe nikampigia mama wa Mpunguzi. Safari hii tulisalimiana kwanza, dakika sita nzima, nikamweleza.

"Tarehe ngapi mnaanza?" akauliza.

Nikamtajia.

"Hiyo bado tunakata. Ngojeni tumalize."

Nimewaandikia wenzangu kwamba tunasogeza mbele wiki tatu.